Pipa la lita 200 na tanki la lita 1,000: mkanda wa joto, koti au hita ya kuzamisha?

Pipakubwa: Wakuu, nina mafuta mazito kwenye mapipa ya chuma ya lita 200, na mengine kwenye tanki la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba. Yako nyuzi 20, nataka 60 ndipo pampu iyavute. Nichukue kipi?

Mvukizo: Piga hesabu kwanza. Pipa lina kama kilo 180, na kila kilo ya mafuta hula kilojuli 2 hivi kwa nyuzi moja. Kupandisha nyuzi 40 (kutoka 20 hadi 60) ni kilojuli 14,400, yaani yuniti 4 za umeme. Mkanda wa joto (unaofungwa kuzunguka pipa) wa wati 1,000 ni saa 4 kwenye karatasi. Pipa lisipofunikwa, tegemea 6 au zaidi.

Nyuzi60: Kwa chuma, mkanda wa silikoni unatosha. Ufunge chini kabisa, maana mafuta ya moto hupanda yenyewe. Ukiwa juu, mafuta yakishuka unabaki umekumbatia bati tupu na unaungua. Kaza springi yake pasibaki mwanya kati ya mkanda na chuma. Silikoni hubabuka hapohapo penye mwanya. Legeza kizibo kikubwa kabla ya kuwasha: joto likipanda nyuzi 40 mafuta hutanuka lita 5 au 6 kwa pipa.

Mvukizo: Sawa mkuu, ila mafuta mazito hayazunguki upesi. Ya ukutani yanaungua huku ya katikati bado vuguvugu, na thamostati (swichi inayokata umeme joto likifika) iliyo kwenye ukuta wa pipa haijui hilo. Mimi nachagua koti la joto linalofunika pipa zima: wati zilezile zimesambaa eneo kubwa, na sufi inazuia joto lisipotee.

Kizimba: Kwenye plastiki usithubutu mkanda. Weka koti lenye thamostati na mfuniko wa juu. Tanki zima linataka yuniti 20, kwa hiyo koti la kilowati 2 ni saa 10 za karatasi. Panga siku nzima. Plastiki ile hulegea na joto, fuata kikomo cha mtengenezaji. Pampu ikikubali 45, ishia hapo.

Pipakubwa: Na hita ya kuzamisha?

Mvukizo: Joto lake huingia moja kwa moja kwenye mafuta, lakini chukua yenye wati 1 hivi kwa sentimita ya mraba ya elementi (sehemu inayopasha). Ikizidi sana, mafuta yanageuka kaa juu ya elementi. Weka swichi ya kiwango, izime kabla elementi haijabaki wazi.

Nyuzi60: Kama kitu chenyewe hutoa mvuke unaowaka, sahau vyote hivyo. Tafuta hita iliyoidhinishwa kwa maeneo ya mlipuko, na pipa lifungwe waya wa ethi.