"Gari imesimama kama twiga, unataka nini tena?" Fundi gani anamjibu mteja hivi?

Mzee wa Difu
Wakuu, nina hasira hadi simu inatetemeka mkononi. Yule fundi mnamjua, yule wa kontena lenye vibao vitatu na kila kibao na namba yake. Simtaji. Kafunga maputo ya upepo (airbag) ndani ya springi za nyuma za Prado 120, yale ya kusaidia mkia usikae chini trela ikining'inizwa. Kuulizwa kajaza upepo kiasi gani, anajibu mbele ya wateja: "Gari imesimama kama twiga, unataka nini tena?"

Nataka psi, kipimo cha presha ya upepo! Kajaza 60. Maputo mengi ya kuingia ndani ya springi yameandikiwa kabisa, mwisho 35. Na utaratibu hata chekechea wanaujua: gari ikiwa tupu, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda. Ning'iniza trela, pima tena, kisha jaza kidogo kidogo hadi mkia ukaribie kipimo cha kwanza. Yeye kapima kwa jicho, na jicho lenyewe lilikuwa kwenye simu.

Halafu maputo yote mawili kayaunga kwa tii, kile kiungo cha umbo la T, valvu moja. Ukiingia kona, puto la upande wa nje linabanwa, upepo unakimbilia la pili, gari inalala kuliko kama kila puto lingekuwa na valvu yake. Mpira wa upepo kaupitisha vidole viwili kutoka kwenye ekzosi, wakati unatakiwa ukae mbali angalau sentimita 15. Kaukata kwa koleo, mdomo umebonyea, unavuja. Wembe shilingi ngapi? Maji ya sabuni ya kupaka kwenye maungio shilingi ngapi?

Twiga! Mbele ya watu!

chapa_gia
Kwa hiyo ulilipa kwanza, psi ukauliza baadaye? 😂😂 Huyo twiga ni wako, mlishe.

Mama Karoti
Samahani, airbag si ile ya kwenye usukani? Hii ya nyuma nayo inafumuka ukigongwa?

chapa_gia
@Mama Karoti hapana, hii inafumuka fundi akiulizwa swali.

Nati Legevu
Mkuu pole, ila hata yangefungwa vizuri, puto haliongezi uwezo wa gari hata kilo moja. Trela ya kilo 1,500 inatakiwa ikandamize pale inaponing'inia kwa asilimia 10 hadi 15, yaani kilo 150 hadi 225. Uzito huo uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo unanyanyua pua. Puto linainua mkia, lakini uzito haurudi mbele. Usukani unabaki mwepesi vilevile. Panga mzigo wa trela kwanza. Na usiurundike nyuma kabisa ili kukwepa hizo kilo, trela itaanza kuyumba ukikolea mwendo.

Mzee wa Difu
Nimetukanwa, wewe unaniletea hesabu. KAMA TWIGA, jamani.

Kirikuu Daima
Wewe una bahati, una springi za mviringo. Sisi wa Hilux zenye springi bapa puto linakaa kati ya ekseli na chasisi. Springi ilikuwa inagawa uzito kwenye ncha zake mbili, sasa puto linasukuma sehemu moja tu katikati. Weka mzigo mzito, jaza upepo mwingi, piga barabara ya makorongo, chasisi inapinda au inapasuka. Na kwa zile zenye valvu ya breki iliyofungwa kwa fimbo kwenye ekseli: mkia ukiinuka, valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Fundi akuambie na hilo. Thubutu!

Nati Legevu
Umesema kweli. Na trela ikishatolewa watu wanaachia upepo wote, wakati puto linatakiwa libaki na psi 5 hivi. Likiwa tupu kabisa linajikunja, springi inalibana na kulitoboa.

tairi_bapa
Afadhali maputo. Mnaovuta trela za boti, mbona hamsemi kuhusu bearing? Mtu katoka mbali, habu (vitovu vya magurudumu, bearing zimo ndani) bado za moto, anazizamisha moja kwa moja kwenye maji ya chumvi. Habu inapoa ghafla, inavuta maji ndani kupitia sili, ile pete ya kuzuia maji, grisi inageuka uji. Wiki chache gurudumu linaimba. Halafu lawama zote kwa muuza bearing!

Mzee wa Difu
Jamani, uzi ni wa fundi…

Kirikuu Daima
@tairi_bapa asante! Na wengine wanaacha waya wa taa umechomekwa wakati wa kuzamisha. Balbu ya moto ikikutana na maji baridi, kwisha. Chomoa kwanza.

Mama Karoti
Hiyo grisi ni ya kawaida au kuna ya boti?

tairi_bapa
Ya boti, ile isiyooshwa na maji. Usichanganye na ya zamani, safisha habu yote kwanza. Na sili badilisha, usirudishie ileile.

Mama Karoti
Sili ya boti inauzwa na bearing zake au peke yake?