Mrejesho: mshono wa shemeji uliogoma kupona

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mke wa kaka, yuko Ujiji: kajifungua kwa upasuaji, mshono ukaanza kutoa usaha, sindano za seftriaksoni (antibiotiki) zinaingia kila siku na homa haishuki. Wengi mlisema usaha uoteshwe maabara. Umeoteshwa.

Daktari alisafisha kidonda kwanza, ndipo akachukua sampuli kwa kijiti cha pamba kutoka ndani kabisa, maana usaha wa juu juu unadanganya. Majibu huchukua siku mbili tatu, bakteria lazima waote. Jamaa wa maabara akanionyesha sahani walimooteshwa: vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa vimepangwa juu yake. Dawa inayowaweza bakteria huacha duara safi kuzunguka karatasi. Kwenye seftriaksoni hakukuwa na duara lolote, wameota hadi ukingoni kama nyasi za masika.

Ni bakteria aitwaye Klebsiella, aina inayotengeneza vimeng'enya vya kuvunja seftriaksoni na dawa za kundi lake. Kumbe hata tungeongeza sindano, kazi bure. Kabadilishiwa antibiotiki nyingine, meropenemu (bei yake acha tu), homa imeshuka na usaha umekata. Kidonda kimeachwa wazi kijazie kutokea chini, kinasafishwa kila siku.

Yule aliyeshauri tupasue vidonge vya rangi mbili tunyunyizie unga kwenye mshono: daktari kakataza katakata. Jirani yetu naye bado anasisitiza, sijui mmetumwa na nani.

Mtoto hajambo, ananyonya vizuri. Asanteni sana.