Naomba ushauri: mama mkwe, bundi na safari ya Andover

Habari zenu wakuu. Tunaishi Reading, Uingereza, na tunataka kuwapeleka watoto Hawk Conservancy Trust, kituo cha ndege mbuai kule Weyhill karibu na Andover, wakaone tai na kozi wakirushwa. Shida ni mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga: kwake bundi ni uchuro, basi, na pale bundi wamo. Nimemwonyesha video, akanirudishia simu bila neno. (Tumbusi wala hawamsumbui!) Kumwacha nyumbani peke yake siwezi. Mliowahi kufika, bundi hurushwa katika maonyesho yote ya siku, au kuna onyesho tunaloweza kukaa naye kwa amani? Na hatuna gari: kutoka stesheni ya Andover mlifikaje na watoto wadogo?