"Fifia" na "toweka": tofauti yake ni ipi?

Swali: Ndugu wapenzi wa lugha, mhariri wangu ameikataa sentensi yangu "maandishi ya risiti yametoweka" na kutaka niandike "yamefifia". Je, maneno haya hayawezi kubadilishana nafasi?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, ikiwa maandishi hayo bado yanasomeka. Kinachofifia kingalipo, ila nguvu yake inapungua kidogo kidogo, kama risiti iliyokaa mfukoni ambayo mwanzoni husomeka vizuri, kisha ikabidi uiinue kwenye mwanga. Kinachotoweka hakionekani tena. Ndiyo maana husemwa matumaini yamefifia hali chembe yake bado imebaki.

Jibu: Naongezea kwamba nguo iliyopoteza rangi kwa kufuliwa mara nyingi mimi husema imechujuka, na iliyounguzwa na jua imepauka. "Fifia" naiona inakaa vizuri zaidi kwenye mwanga, sauti, kumbukumbu na umaarufu. Ukimtaja msababishaji, tumia "fifisha": ukungu umefifisha mwanga wa taa.

Muulizaji: Nashukuru. Basi mngurumo wa gari linalokwenda mbali hufifia kwanza, ndipo hutoweka?

Jibu: Naam, kwa mpangilio huohuo.