Nakala za kabla ya kitabu kutoka zimenirundikia, nianze na zipi? Nipo Mbeya

MwalimuUyole:

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina jambo naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaosoma na kuandika rivyu za vitabu, na waandishi wenyewe kama mpo humu.

Nafundisha sekondari hapa Uyole, jioni na wikendi nasoma vitabu na kuviandikia. Za Kiswahili naweka Facebook, za Kiingereza Goodreads, ule mtandao wa wasomaji kuandika maoni ya vitabu. Kwa asiyejua, mchapishaji kabla hajaingiza kitabu sokoni huwa anatoa nakala za awali miezi kadhaa kabla, anawapa bure wahakiki, wauza vitabu na watu wa maktaba ili siku kitabu kinatoka tayari kuna watu wamekisoma wanakisemea. Zamani ilikuwa kitabu cha karatasi kimeandikwa juu kwamba hakiuzwi, siku hizi nyingi ni faili tu.

Sasa mimi nina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la nje, napata NetGalley, mtandao wa kugawa nakala hizi, pale unaomba, mchapishaji anaangalia wasifu wako anakubali au anakataa, na sisi wa huku tunakataliwa sana maana unakuta haki za kuuza kile kitabu ni za Marekani au Uingereza peke yake. Ndo maana mtu unaomba vingi ili vipite vichache, ila mwaka huu wamekubali karibu vyote kwa mpigo. Fungu la pili ni la waandishi wa kwetu. Niliandika kuhusu diwani ya kijana mmoja wa Tukuyu, habari ikasambaa, sasa natumiwa PDF WhatsApp, wengine wanaprinti pale Mwanjelwa wanabana na spairo wananiletea mkononi, kuna dada wa Njombe kanitumia mswada wake kwa basi nikaufuata stendi ya Nane Nane. Jumla vimepita 40 na vingine vinaendelea kuja.

NetGalley wanashauri asilimia yako ya kurudisha maoni, yaani kati ya vitabu ulivyopewa umevitolea maoni vingapi, iwe 80, yangu imeshuka chini ya nusu, na ikikaa hivyo maombi yanazidi kukataliwa. Upande wa pili dada wa Njombe ananiuliza kwa heshima kabisa "mwalimu umefikia wapi" maana anataka apeleke kazi kiwandani ikachapwe. Na kurukaruka kurasa halafu niandike kana kwamba nimesoma sitaki, mtu kakaa miaka na kitabu chake anastahili msomaji aliyekifungua kweli.

Naomba kujua: nifuate tarehe, au nianze na wale ambao hawana mtu mwingine wa kuwasoma? Kuacha kitabu katikati inaruhusiwa? Na hivi vya kwetu nivisome sawasawa na vile vya nje au ni kazi nyingine kabisa? Nawasilisha.

MamaMaktabaKihesa:

Kamwene mwalimu, hongera kwa kazi, huku Iringa tunakusoma.

Nimefanya hii kazi ya nakala za awali muda mrefu kidogo, ngoja nikwambie kilichonisaidia. Chukua daftari la kawaida, usianze na programu za simu, andika kila kitabu, mbele yake tarehe ya kutoka, tarehe ya kuondolewa kwenye mtandao, na umekishusha kwa njia gani. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na ndo inayoleta presha ya bure. Kitabu kikishapita tarehe ya kuondolewa huwezi tena kukishusha, basi. Lakini kama ulishakituma Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kinabaki humo, hakifutiki. Kama ulishusha faili yenye ulinzi unaifungua kwa programu ya Adobe Digital Editions, ile inakaa siku 55 halafu inajifunga. Kwa hiyo mbili zinazofanana kwa tarehe hazifanani kwa haraka, ya siku 55 inatangulia. Na hata kitabu kikishaondolewa maoni yako bado wanayapokea na yanahesabika, kwa hiyo vya zamani havijafa.

Leo hiihii pia ingia kwenye maombi ambayo hayajajibiwa uyaondoe yote. Yale hayahesabiki mpaka yakubaliwe, na hutaki yakubaliwe sasa hivi.

Ukishaorodhesha utaona vinagawanyika vyenyewe. Vinavyotoka mwezi huu na ujao, soma. Vilivyokwishatoka viweke foleni ya nyuma, chukua vyembamba kwanza maana asilimia inahesabu vitabu, haihesabu kurasa, mkusanyiko wa mashairi au kitabu cha watoto unakimaliza jioni moja na kinahesabika sawa na riwaya ya kurasa 500. Na rivyu isiwe insha ya mtihani mwalimu wangu, aya tatu zinatosha: kitabu kinahusu nini bila kumwaga mwisho, kinafanya nini vizuri na wapi kinalegea, nani atakifurahia.

bonde_la_usangu:

Mkuu hizo PDF si utupie hapa tukusaidie kusoma, mzigo utapungua fasta

MwalimuUyole:

@bonde_la_usangu nashukuru kwa moyo wa kusaidia ila hapana ndugu yangu. Za nje nimepewa mimi kwa jina langu na masharti nimeyakubali. Hizi za kwetu ndo kabisa, mwandishi wa Chunya akitoa nakala 300 kwa hela ya mfukoni halafu PDF yake inazunguka kwenye magrupu kabla hajauza hata moja, huyo hataandika kitabu cha pili. Isitoshe hizi kazi hazijasahihishwa mpaka mwisho, unaweza kukuta jina la mhusika linabadilika katikati, sio sura ambayo mwandishi anataka aonekane nayo.

bonde_la_usangu:

Nimekuelewa mkuu, hilo la mwandishi sikuwa nimelifikiria.

mtunzi_makambako:

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwandishi, nimetoa riwaya moja na nyingine ipo njiani, naomba niongee kwa niaba ya huyo dada wa Njombe japo simfahamu.

Umeuliza kama vya kwetu ni kazi nyingine. Ni kazi nyingine kabisa. Kitabu cha mchapishaji mkubwa wa nje kikifika kwako kimeshapita kwa mhariri, kwa msahihishaji, jalada lipo, tarehe ipo, wewe ukisema sura ya nne inachosha hakuna kitakachobadilika, kile kinaenda hivyohivyo, na wewe ni mmoja kati ya wasomaji wengi waliopewa. Kwetu huku mtu anaandika mwenyewe, anachapa mwenyewe, anamwomba mpwa wake amtengenezee jalada, anakopa kwenye kikundi hela ya kiwandani. Wewe unaweza kuwa ndo mtu wa kwanza asiye ndugu yake kusoma kile kitu. Ukimwambia kabla hajachapa kwamba mhusika wake kafa sura ya sita akaongea sura ya tisa, umemwokoa. Ukimwambia baada ya kuchapa anazo nakala 500 kwenye maboksi chini ya kitanda na kosa liko kwenye kila moja.

Kwa hiyo kwake tarehe ya kutoka sio tarehe yenye maana, tarehe yenye maana ni ya kwenda kiwandani. Muulize kila mwandishi hiyo tu, kazi inaenda kuchapwa lini. Asiyekuwa na tarehe atasubiri bila kinyongo, mwenye tarehe msome mwanzo. Na unachompa kwanza kisiwe rivyu, kiwe barua, yaani mnazungumza nyie wawili, unamwambia kila ulichokiona, mazuri na mabovu, kwa kurasa. Rivyu ya watu wote isubiri kitabu kamili, maana ukiandika hadharani kuhusu mswada ambao atakuja kuubadilisha utakuwa umehukumu kitu ambacho hakitakuwepo tena. Akiipenda barua yako atakuomba sentensi mbili za kuweka nyuma ya jalada, na hizo sentensi kwa mtu asiye na jina zinauza kweli, mwenye duka anageuza kitabu anasoma nyuma kabla hajaamua aweke rafuni au asiweke.

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze, zawadi zile za kwanza za riwaya na ushairi zikatolewa Aprili 2023, naona huku kwetu watu wanatoa miswada iliyokaa kwenye masanduku miaka na miaka. Wasomaji wa mwanzo ndo hawapo. Ninyi wachache mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

kaka_tunduma:

Naungana na mtunzi, na mimi naenda mbali zaidi, achana na vya nje vyote. Wale wana magazeti na wahakiki wao, asilimia 80 inakusaidia nini mwalimu wa Uyole?

MamaMaktabaKihesa:

@kaka_tunduma hapo mdogo wangu sikubaliani na wewe. Mwalimu akisoma kitabu cha nje akakieleza kwa Kiswahili anamsaidia mwanafunzi wa Mafinga ambaye hilo jina la mwandishi hajawahi kulisikia. Na mtu anayesoma pande zote mbili anakuwa na jicho, anajua riwaya inajengwaje, halafu hilo jicho analipeleka kwa dada wa Njombe. Asivifukuze, apunguze. Akimaliza viwili ndo aombe kimoja.

Na jambo jingine nililosahau, usijitese na Amazon. Wale hawapokei rivyu za wateja kabla kitabu hakijatoka, na kwa Amazon ya Marekani lazima uwe umenunua kwao vitu vya dola 50 ndani ya miezi 12 ndo uruhusiwe kuandika. Sisi wengi hatununui huko. Goodreads na ukurasa wako vinatosha, wachapishaji wanaelewa.

sr_gangilonga:

Swali la kuacha katikati halijajibiwa. Mwalimu inaruhusiwa. Mimi najipa kurasa 50, kikiwa hakijanishika naangalia mwishomwisho wa sura ya pili kama nimekosea mwenyewe kwa uchovu, bado kimekataa, naacha. Namwandikia mchapishaji kwa ustaarabu nimefika wapi na kwa nini nimeishia hapo, na nyota sitoi, kwa sababu sikukisoma chote. Ila hii ni kwa vya nje. Mswada wa mtu ninayemfahamu namaliza hata kama ni mzito, na nikishindwa namrudishia mapema aende kwa msomaji mwingine, kumkalisha mtu miezi ndo kunaumiza.

Halafu usinukuu kutoka nakala ya awali mpaka ulinganishe na kitabu kilichotoka. Sentensi uliyoipenda inaweza kuwa imefutwa. Na kila rivyu andika kwamba ulipewa bure, Marekani hilo limo kwenye miongozo ya Tume yao ya Biashara tangu 2009 na inawagusa hata wanaoblogu, sisi tulifanye kwa sababu msomaji ana haki ya kujua.

dereva_ikuti:

Mimi sio mhakiki ila nasikiliza sana vitabu nikiwa safarini, NetGalley wana vya sauti pia tangu 2020. Mwalimu kama unapalilia au unapika unaweza kupunguza kwa masikio. Kwa riwaya inaenda vizuri, kitabu chenye takwimu au ramani utapotea.

MwalimuUyole:

Wakuu ndaga fijo, yaani asanteni sana. Mtunzi marahaba, nimeisoma hiyo yako mara mbili na imenigusa.

Nimekaa na daftari usiku huu baridi imekaza, nimeshaandika orodha nusu. Maombi yanayosubiri nimeyaondoa. Vya kufungwa ndani ya siku 55 vimetoka vichache kuliko nilivyoogopa, vingi vipo Kindle tayari. Kwa waandishi wa kwetu nimewatumia wote ujumbe mmoja kuuliza tarehe ya kiwandani, wanne wamejibu, watatu hawana tarehe, mmoja ndo huyo dada wa Njombe, anapeleka mwisho wa mwezi ujao. Nimeweka vya nje vyote pembeni isipokuwa viwili vinavyotoka wiki hii, naanza naye kesho nikitoka shule.

Swali la mwisho @mtunzi_makambako, mswada wake nimepekua kurasa za mwanzo, hadithi ni nzuri sana, watu wanaongea kama watu, lakini Kiswahili kimechanganyika na Kibena sehemu nyingi na hakuna maelezo. Nimwambie asafishe?

mtunzi_makambako:

Mwalimu usimwambie asafishe. Weka alama ya penseli pale tu ambapo wewe mwenyewe umekwama hukuelewa kinachoendelea, pengine pote paache. Halafu umuulize anamwandikia nani, maana kama anataka kisomwe Tanga na Kigoma atajua mwenyewe wapi aongeze sentensi ya kufafanua ndani ya mazungumzo, na kama anawaandikia watu wa Njombe basi wewe ndo mgeni kwenye hicho kitabu. Na barua yako mtumie kwa maandishi, usimpigie simu, ya simu atasahau nusu na yale makali ndo atakayoyakumbuka.

MwalimuUyole:

Sawa mtunzi, penseli na barua. Mswada wako mwenyewe unaenda kiwandani lini?

mtunzi_makambako:

Desemba. Nitakutumia Septemba ukiwa umepumua, na nitaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza.