Naomba ushauri: ngozi ya nyoka mgongoni mwa upinde, inapunguza kasi au ni urembo tu?

Mnyiramba_Tulsa
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Singida, niko Oklahoma mwaka wa sita sasa, kazi yangu lori. Wengine wakifika huku wananasa kwenye mpira wa vikapu, mimi nimenasa kwenye kuchonga pinde. Siyo zile za kiwandani zenye magurudumu, hapana, za gogo moja tu.

Upinde ninaoulizia ni wa tatu kuuchonga, na ndio wa kwanza kuupenda. Ni mti wa Osage, ule wa manjano makali ambao ukikaa juani unageuka rangi ya asali iliyoungua. Asili yake ni hukuhuku, kandokando ya Mto Red. Wafaransa waliuita mti wa upinde kwa lugha yao, wazee wa Texas wakalichukua jina hilo na kulitamka "bodaki" hadi leo. Urefu inchi 66, nikiuvuta hadi inchi 28 unanipa paundi 47. Nimeshaupiga mishale kama mia mbili.

Sasa jirani mwenye shamba la ng'ombe kaua nyoka wa njuga wawili, wale wenye madoa ya umbo la almasi mgongoni, akanipa ngozi. Zimewambwa ubaoni na kukauka vizuri. Nataka kuzigandisha kwenye mgongo wa upinde. (Mgongo nasema ule upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaonitazama mimi. Tusije tukachanganyana.)

Nauliza: mshale utapungua kasi? Ngozi itaupa upinde nguvu, au hata kuukinga usivunjike? Na gundi nitumie ipi? Shukrani.

Kigoda_Cha_Tatu
Nyoka hata akiwa mkanda mimi nahamia upande wa pili wa barabara. Endeleeni wakuu, nasoma kwa mbali.

Babu_wa_Tupa
Mnyiramba, hongera. Upinde wa tatu kufika mishale mia mbili bila kuvunjika si haba. Mimi wa kwanza hadi wa nne zilikwenda jikoni.

Nianze na kasi maana ndiyo inayowasumbua wengi. Fanya hesabu mwenyewe. Mkono mmoja wa upinde wako (toka mshikio hadi ncha) una kama sentimita 80, upana tuseme wastani wa sentimita 3 ukihesabu kwamba unachongoka kuelekea ncha. Ngozi ya nyoka ikikauka haifiki nusu milimita, mara nyingi ni kama theluthi ya milimita. Hiyo ni gramu saba au nane kwa kila mkono, ongeza gundi kidogo. Upinde mzima una zaidi ya nusu kilo. Kwa hiyo uzito wenyewe ni mdogo.

Lakini usitazame jumla, tazama uzito umekaa wapi. Ukiachia uzi, sehemu iliyo karibu na mshikio haisogei karibu chochote, ila ncha zinasafiri mbali na kwa kasi kubwa. Gramu moja kwenye ncha inakula nguvu ya mshale kuliko gramu nyingi karibu na mkono wako. Ndiyo maana mafundi wanachonga ncha hadi zinakuwa nyembamba kama kidole cha mtoto. Bahati nzuri ngozi nayo inapungua upana kadiri mkono unavyochongoka, kwa hiyo kule nchani inabaki kidogo mno. Kasi utakayopoteza ni ndogo kuliko ile unayopoteza siku umechoka ukaachia uzi vibaya. Kinachoharibu ni mtu kupakaa gundi kama anapaka siagi, halafu juu ya ngozi akaweka vanishi tabaka sita hadi nchani.

Kuhusu nguvu: hakuna. Ngozi ya nyoka inanyumbuka, mti mgumu hauisikii kabisa. Ukitaka kitu cha mgongoni kinachofanya kazi kweli, hiyo ni kano. Kano za mguu wa paa au ng'ombe zinapondwa, zinachambuliwa nyuzinyuzi, zinalazwa kwa gundi ya ngozi (ile inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama) tabaka kwa tabaka. Kano inanyooka na kurudi, inabeba mvuto, na ikikauka inajivuta hadi upinde unapinda kinyume. Wenyeji wa huko Marekani walifanya hivyo, na baadhi yao walifunika kano kwa ngozi ya nyoka. Ila mzigo ulikuwa kwenye kano, nyoka alikuwa shuka tu.

Swila_Mweusi
Mimi sikubaliani. Nimeona video nyingi jamaa wanasema ngozi inazuia upinde kupasuka. Weka tu kaka, ni bima. Tumia gundi ya viatu, inakamata kama shetani.

Fundi_Ngoma
Sijawahi kuchonga upinde hata mmoja, ila ngozi nimezichezea miaka ishirini, nawamba ngoma hapa Bagamoyo. Hiyo ya gundi ya viatu naomba niipinge. Ile inabaki kama mpira. Ngozi juu yake itatembea, na kila panapobaki hewa patainuka kipovu. Tena inakamata papo hapo, ukiilaza kombo huwezi kuisogeza, na ngozi yenye madoa ikikaa kombo inaonekana toka ng'ambo ya uwanja.

Kama zimekaushwa tu bila dawa ya kulainishia, una bahati. Zile za kutengenezea mikoba zinakuwa nene na zinakunywa gundi. Hizo zako loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka zilegee kama kitambaa kilicholowa, halafu zitoe. Usizisahau humo usiku kucha, zitanuka na magamba yataanza kuachia. Upande wa nyama kwangua utando wote uliobaki. Nawa mikono, nyoka ana bakteria wa kuharisha.

Ngozi ikikauka inajikunja na kujivuta, hiyo ndiyo siri ya ngoma kulia. Kwa hiyo acha ukingo wa ziada pande zote mbili, usikate sawasawa na mti. Utapunguza kwa tupa au msasa siku ikikauka. Na usianike juani, tafadhali. Ngoma ngapi nimeletewa zimechanika kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Babu_wa_Tupa
Fundi, umenena. Naongezea upande wa mti. Osage una mafuta. Ufute kwa spiriti au asetoni, kisha paka gundi nyepesi sana iingie mtini, ikauke. Baada ya hapo ndipo uweke gundi ya kazi: ya ngozi iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, au ile ya maji ya seremala. Vichwa viwili vya ngozi vikutane mshikioni, mikia iende nchani. Hapo madoa yanapungua pamoja na mkono wa upinde, na magamba yanalala kuelekea ncha, hayakwaruzi kiganja.

Magamba yenyewe kuna wanaoyaacha. Mimi nayatoa: ngozi ikikauka kabisa unabandika utepe wa karatasi, unavuta, yanakuja kama maganda ya vitunguu na rangi inabaki chini. Ukiyaacha, mengine yatainuka baadaye.

Sasa Swila, suala la bima. Ngozi ya nyoka haishikilii mti. Ukipasuka chini yake, utapasuka nayo juu. Na wewe Mnyiramba nikuulize kitu ambacho hukukisema: mgongo wa upinde wako ni pete moja ya mti (mviringo wa mwaka mmoja wa kukua) toka ncha hadi ncha?

Mnyiramba_Tulsa
Babu, shikamoo. Umenibana.

Si pete moja. Nilikuwa naufuata mviringo wa mwaka mmoja vizuri tu, kisu cha kuvuta kikateleza. Kuna sehemu kama sentimita 18 juu ya mshikio nimekata nikaingia kwenye pete ya chini yake. Ni kidogo, kama ukucha. Nilitaka ngozi ipafunike. Upinde umeshapiga mishale mia mbili nikaona haina neno.

Babu_wa_Tupa
Marahaba. Basi tulichokuwa tunajadili siku zote hizi si urembo.

Upande wa mgongo ndio unaovutwa. Nyuzi za mti zikiwa nzima toka mwanzo hadi mwisho, zinavutana kama kamba. Ulipokata pete, umekata nyuzi. Vichwa vyake viko pale, na kila ukivuta vinajaribu kuinuka. Siku kimoja kikiinuka kinakuwa kibanzi, kibanzi kinakimbia, na upinde wa paundi 47 unavunjika karibu na uso wako. Mishale mia mbili si ushahidi. Nimewahi kuona uliovunjika ukiwa na miaka mitatu.

Ukifunika kwa nyoka hutaongeza hatari, utaondoa macho yako tu. Leo ukiona ufa unaweka upinde chini. Ukiwa umevishwa, utausikia.

Fanya hivi. Chukua pamba ya dukani, ipitishe taratibu mgongoni kote, kwenda na kurudi, kwanza ukiwa haujafungwa uzi, kisha ukiwa umefungwa. Kama kuna unyuzi umeanza kuinuka, pamba itanasa kabla jicho halijaona. Ikinasa, usivute tena hadi utibu.

Mama_Mishale
Natoka Kitui, babu yangu alikuwa fundi wa pinde. Alizipaka mafuta na kuzitundika juu ya moshi, nyoka sikumwona hata mmoja. Na zile za Wawaata wa Tsavo, waliowinda ndovu kwa mishale ya sumu, zilizidi paundi 100 za kuvuta. Mti mtupu.

Lakini lililonileta ni lingine. Wengine mtasoma hapa mkaanza kutafuta ngozi ya chatu Manyoni au Kitui. Msifanye hivyo. Chatu wote wako kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), na Kenya na Tanzania kuwa na ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kesi ya kweli, si faini ya kupangiana barabarani. Hata huko Marekani kuna nyoka wa njuga wa misituni anayelindwa katika majimbo kadhaa. Mnyiramba, ukija likizo na huo upinde uliovishwa, ulizia kibali kabla hujafika uwanja wa ndege.

Swila_Mweusi
Nimerudi kwa unyenyekevu. Gundi ya viatu nimeifuta. Ila unyevu je? Si mnamlowesha mtu mti wake?

Babu_wa_Tupa
Swali zuri kuliko lile la kwanza. Ndiyo, ngozi mbichi na gundi ya maji vinaingiza unyevu mgongoni, na mti wenye unyevu ukiuvuta unabaki umepinda, haurudi wote. Hiyo ndiyo hasara ya kasi ambayo watu wanaisingizia ngozi. Wamevuta mapema! Pima upinde kwa mizani ya jikoni kabla hujaanza, andika. Ukishavisha, pima kila siku. Utaona gramu zinashuka, kisha siku moja zinasimama. Zikisimama siku tatu nne mfululizo, funga uzi. Kwa joto la nyumbani linaweza kuchukua wiki moja, zaidi kama mnaishi penye unyevunyevu. Na ngozi peke yake haizuii mvua, vanishi ndiyo inayozuia. Chagua isiyong'aa, swala anaona mng'ao.

Mnyiramba_Tulsa
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Pamba ilinasa. Palepale, kwenye ukucha wangu. Nilikaa nikautazama upinde kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali.

Nimefuata ushauri wa Babu alionipa pembeni: nimeingiza gundi nyepesi chini ya unyuzi, nikaufunga kwa uzi wa hariri ulioloweshwa gundi sentimita tatu hivi, halafu nimevisha mgongo wote ngozi ya mbuzi mbichi, nyembamba, ileile ya Fundi Ngoma ya kuwambia. Hiyo walau ina nguvu ya kuzuia kibanzi. Nimekwangua tumbo la upinde kidogo ushuke hadi paundi 42. Mizani ilisimama siku ya tisa. Nimepiga mishale sitini nikiwa nimevaa miwani ya karakana, na mke wangu alikataa kusimama karibu. Kwenye mita ishirini mshale unatua chini kidogo kuliko zamani. Paundi tano si mchezo, na mbuzi ni mzito kuliko nyoka.

Nyoka wanasubiri upinde wa nne. Gogo ninalo, na safari hii kile kisu nimekinoa kwanza.

Kigoda_Cha_Tatu
Na hizo ngozi kwa sasa ziko wapi?

Mnyiramba_Tulsa
Kabatini, ndani ya sanduku la viatu vya Krismasi. Mama watoto hajui. Usimwambie.