Tupeane uzoefu: kuunganisha basi, treni na metro Chennai

Mpanga Miji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Chennai, India, mwaka wa pili, nasoma mipango miji. Watu wa kwetu waliopita mji huu ni wengi: wanafunzi, wafanyabiashara, na zaidi ya wote wagonjwa na wanaowauguza. Kila mtu ana kisa chake cha kushuka hiki na kupanda kile, ila tunasimuliana gesti na hosteli tu, kisha kinapotea. Naomba tuvikusanye hapa.

Mji huu haukosi usafiri. Treni ya mjini ya Beach hadi Tambaram ilianza kutumia umeme 1931. Reli ya juu, MRTS, ilianza 1995 ikafika Velachery 2007. Metro ilizinduliwa Juni 2015. Mabasi ya mji ni zaidi ya elfu tatu. Shida ni kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenyewe: treni ni za serikali kuu ya New Delhi, mabasi ni ya jimbo la Tamil Nadu, metro ni ubia wa hao wawili, na njia ya miguu ya kukutoa kimoja kukupeleka kingine ni ya halmashauri. Abiria ndiye aliyeviunganisha, kwa miguu yake. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka ya kuratibu yote hayo, CUMTA, mwaka 2010, lakini mamlaka ilikuja kufanya kazi kwa dhati 2022. Miaka 12! Watoto walizaliwa, wakafika darasa la sita.

Nianze na changu. Nilipanga chumba Velachery, karibu na mwisho wa MRTS. Kutoka pale hadi St Thomas Mount, penye metro na treni ya Tambaram, ni kilomita 5 tu. Ujenzi wa kipande hicho ulianza 2008, ukakwama miaka mingi kwa sababu ya ardhi ya kama nusu kilomita eneo la Adambakkam. Nimefuata nguzo za reli hiyo kwa miguu Jumapili moja, daftari mkononi. Nilitoka asubuhi nikiwa na hasira na wapanga miji, nikarudi nikiwa nimeelewa kwamba kila mita ya nusu kilomita ile ilikuwa nyumba ya mtu. Tangu siku hiyo sisemi tena kirahisi kwamba "serikali ingepitisha tu".

Karibuni.

Mama wa Tanga

Ahsante mwanangu kwa uzi huu. Mimi nilimuuguza mume wangu huko 2017, tukarudi kwa uchunguzi 2022. Gesti yetu ilikuwa pembeni ya Greams Road, wanakokaa wengi wetu.

Safari ya kwanza kila siku ilikuwa bajaji. Wanaokuja wajue, huko ukisema bajaji hakuna atakayekuelewa, wao wanaita auto, ingawa sisi jina tumelitoa kwenye kampuni ya hukohuko India. Mita ipo, na bei ya serikali iliyopangwa 2013 ilikuwa rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo, halafu 12 kila kilomita. Sikuwahi kuona mita ikiwashwa. Dereva anamtazama mgonjwa, anamtazama anayemuuguza, anataja bei. Unafanyaje na mtu amejiinamia kwenye siti? Unatoa. Wiki sita za hivyo zilinila fedha za dawa, na hilo lilinikaa moyoni kuliko joto la Mei.

Tuliporudi 2022 metro ilishafika Thousand Lights, ile stesheni yenye jina la msikiti. Bei imeandikwa, hakuna wa kukutazama usoni. Mume wangu alikaa siti ya wazee na wagonjwa, kuna kiyoyozi, akasinzia. Nililia kidogo mle ndani, jamani. Kilichonishinda ni kutoka stesheni hadi gesti. Njia ya miguu inapanda, inashuka, pikipiki zimeegeshwa juu yake, hapa pana kifuniko cha mtaro kimeinuka. Tulitumia karibu nusu saa kwa mwendo wa mgonjwa. Treni ilitukimbiza kama malaika, halafu hatua za mwisho zikatula.

Binti wa Ilala

Pole sana mama. Mimi nasoma uuguzi, mwaka wa tatu.

Kisa changu ni cha nauli. Tangu Mei 2021 wanawake tunapanda bure mabasi ya kawaida ya mji. Mara ya kwanza nilimpa konda noti ya rupia 10, akairudisha, akanikatia tiketi ya sifuri, akapuliza filimbi gari likaondoka. Nikadhani amenionea huruma. Dada mmoja pembeni yangu, upande wa kushoto wanakokaa wanawake, akanieleza kwa ishara kwamba sote tuko hivyo. Mimi ni mgeni, sina hata kitambulisho cha huko, na bado nilipewa haki ileile.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa mipango labda hamlioni kwenye ramani. Basi ni bure, metro ni kuanzia rupia 10 na kuendelea. Kwa mwanafunzi, au kwa mama anayefanya usafi kwenye nyumba za watu, hiyo ina maana hauunganishi. Unabaki ndani ya basi lako saa nzima na nusu kwenye foleni ya barabara kuu ya Anna Salai, na metro inapita chini yako kwa dakika 20. Najua akina mama wa zamu ya usiku wanaoacha basi la bei ya juu lipite, na la pili lipite, wakisubiri la kawaida. Sasa tangu Septemba 2025 kuna programu ya simu, Chennai One, tiketi moja ya QR kwa basi, metro na treni. Nimeipenda, inaokoa foleni tatu. Ila tiketi kuwa moja si sawa na nauli kuwa moja. Nani ameketi na yule mama wa usafi akamuuliza?

Jakisumu

@Binti wa Ilala umegusa pale pale. Mimi nilifanya attachment ya miezi minne kwenye ofisi moja ya mambo ya usafiri huko, siitaji.

Watu wakisikia "kuratibu" wanafikiria mkutano mkubwa na mawaziri. Kazi niliyoiona mimi ilikuwa stage moja ya basi. Ilikuwa mita 200 na kitu kutoka mlango wa metro, ng'ambo ya barabara. Tulitakiwa kuisogeza iwe mbele ya mlango. Trafiki wakasema basi likisimama pale litaziba mkono wa kushoto. Watu wa umeme wana transfoma. Kuna mti mkubwa, na kuukata kunahitaji ruhusa ya watu wengine. Chini ya mti kuna mama anayeuza maua ya jasmini. Na kabla ya yote hayo, stage ilikuwa na jina moja kwenye orodha ya mabasi, jina lingine kwenye ramani ya metro, na la tatu ndilo wanalolijua abiria. Wiki mbili nzima nilikaa nalinganisha majina. Nilipoondoka stage ilikuwa bado haijasogea, ila majina yalikuwa yameshakuwa moja, na mama wa maua alikuwa amewekwa kwenye mchoro, ana alama yake. Hilo la mwisho nalijivunia hadi leo. Kwetu Nairobi nimeona wauzaji wakifagiliwa kwanza, mchoro unafuata.

Kuhusu njia za miguu alizosema Mama wa Tanga: jiji lina sera tangu 2014 inayotaka asilimia 60 au zaidi ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na wa baiskeli. Mnaweza kuona matunda yake kwenye mtaa wa maduka wa Pondy Bazaar, eneo la T. Nagar, uliofunguliwa upya Novemba 2019: njia pana, mabenchi, wazee wanakaa jioni. Tembea kidogo hadi mtaa wa nyuma uone kama sera imefika.

Mzee wa Reli

Watu wa Dar mnaokumbuka Ubungo kuhamia Mbezi Luis 2021 mtanielewa haraka. Chennai kituo cha mabasi ya mikoani kilikuwa Koyambedu, na metro imesimama hapo hapo mlangoni. Desemba 30, 2023 wakafungua kituo kipya Kilambakkam, mbali kusini. Ni jengo zuri, kubwa. Metro inaishia uwanja wa ndege, haifiki. Reli ya Tambaram inapita jirani kabisa, na siku kituo kinafunguliwa hakikuwa na stesheni pale. Wenye mizigo na watoto wakateremka usiku, wakaanza kutafuta basi la mjini. Eneo la mji kwenye ramani ya mipango lilishapanuliwa 2022 kutoka kilomita za mraba 1,189 hadi 5,904, kwa hiyo vituo vya namna hii vitakuja vingi. Stesheni ingetangulia kituo.

Kasulu Moja

Shikamooni wakubwa. Nakuja mwezi ujao na mama yangu, anatembea na bakora. Tumeelekezwa gesti za Greams Road. Ndege yetu inatua saa tisa usiku. Nifanyeje?

Mpanga Miji

@Kasulu Moja, marahaba, na mama apone. Leo alasiri nimekwenda kuipita njia hiyo kwa niaba yenu.

Saa tisa metro imelala. Huamka kama saa kumi na moja alfajiri. Kama mama ana nguvu, mpumzike ndani ya uwanja. Kama amechoka, chukueni teksi ya kaunta mkiwa bado ndani, mlipe hapohapo. Mkisubiri metro, ni njia ya bluu, hambadilishi popote: uwanja wa ndege hadi Thousand Lights. Tumieni lifti, msimwache mama apande ngazi za umeme na bakora.

Mkitoka nje, upande wa msikiti, nendeni polepole. Kuna sehemu tatu nilizoziona ngumu. Ya kwanza ni ukingo mrefu wa njia ya miguu pale Greams Road inapoanzia. Mama apite kwenye mteremko wa geti la jirani, si juu ya ukingo. Ya pili ni pikipiki zilizoegeshwa, mtashuka barabarani hatua kama kumi, wewe ukae upande wa magari. Ya tatu ni kile kifuniko cha mtaro. Mama wa Tanga, bado kimeinuka. Nimekipiga picha, nimepima kimo chake kwa rula, kesho naipeleka halmashauri pamoja na maelezo yako ya 2022 ukiniruhusu kuyatafsiri.

Mama wa Tanga

Tafsiri mwanangu. Waambie mume wangu alijikwaa pale, mguu wa kulia.